Urahisi wa Nani? Historia Fupi ya Kiolesura cha Fedha za Simu kwa Kurejelea Kata ya Kamuli

Insha hii inadai kwamba historia ya violesura rahisi kutumia nchini Tanzania haianzi na simu janja. Inaanza na orodha ya maandishi inayofunguka mtu anapobonyeza *150*00#. Kata ya Kamuli, iliyokuwa sehemu ya Karagwe hadi wilaya ya Kyerwa ilipoundwa mwaka 2012, inafaa kulipima dai hilo. Ni nchi ya kahawa na migomba, na Kinyambo ni miongoni mwa lugha zinazozungumzwa nyumbani.

M-Pesa ilizinduliwa Kenya Machi 2007, na Vodacom ikaileta Tanzania mwaka 2008. Majaribio yaliyofanyika Kenya kuanzia 2005 yalilenga urejeshaji wa mikopo midogo, lakini washiriki wakaanza kupelekeana fedha. Wabunifu waliyafuata matumizi hayo. Kwa maoni yetu, uamuzi huo una uzito kuliko mpangilio wowote wa skrini.

Jakob Nielsen, katika kanuni kumi alizochapisha mwaka 1994, alitaka mtumiaji atambue badala ya kukumbuka, apewe mrejesho, na akingwe dhidi ya makosa. Orodha yenye nambari ilitimiza sharti la kwanza, isipokuwa mlangoni: Kenya orodha ilikaa ndani ya laini yenyewe, ilhali Mtanzania alilazimika kuikariri *150*00#. Mrejesho ulikuja kwa ujumbe mfupi, ambao watu waliugeuza kuwa stakabadhi. Kinga dhidi ya makosa ndiyo iliyochelewa. Aliyekosea tarakimu moja aliweza kulijua jina la mpokeaji fedha zikiwa zimekwisha kuondoka. Baadaye Safaricom ikaongeza Hakikisha, inayoonyesha jina kabla muamala haujakamilika.

Hata hivyo, kanuni zote hizo humchukulia mtumiaji kuwa ni msomaji, tena peke yake. Mzee wa Kamuli asiyejua kusoma, au anayekielewa Kinyambo kuliko Kiswahili cha orodha, humkabidhi mjukuu au wakala simu pamoja na nambari ya siri. Tarakimu nne zilizokusudiwa kujulikana na mtu mmoja sasa zinajulikana na wawili. Tathmini inayohesabu hatua na muda haiwezi kuuona udhaifu huo, kwa sababu katika kumbukumbu za mfumo muamala wa mzee huyo umekamilika haraka na bila kosa.