Elimu ya Jamii Ilipoingia Wodini

Kwa miaka mingi uuguzi wa Marekani ulisimama juu ya elimu ya mwili: muuguzi alifundishwa kupima homa, kusafisha jeraha, kutandika kitanda na kufuata amri ya tabibu, na ni nadra alipotakiwa aulize mgonjwa huyu ni nani mbele ya jamaa zake, na maradhi yamembadilisha vipi machoni pao. Mwaka 1951 Talcott Parsons, mwanachuoni wa Harvard, alitoa kitabu chake The Social System, akabainisha humo kwamba ugonjwa, pamoja na kuwa jambo la mwili, ni nafasi ambayo jamii humpa mtu kwa muda, nafasi yenye haki mbili na faradhi mbili: mgonjwa husamehewa shughuli zake za kawaida, wala halaumiwi kwa yaliyomfika; naye hana budi kutamani kupona, na kutafuta wenye ujuzi na kushirikiana nao.

Nadharia hiyo ilimweleza vyema mwenye homa atakayeinuka baada ya siku chache. Lakini aliye mahututi, na mwenye maradhi ya maisha, na aliyezaliwa na ulemavu, faradhi ya kutamani kupona itawafaa nini? Jawabu lilitafutwa na wauguzi wenyewe, na ndiyo sababu historia hii yastahili kukumbukwa.

Katika mwaka 1960 Skuli ya Uuguzi ya Chuo Kikuu cha California, mjini San Francisco, ikiongozwa na Helen Nahm, ilimwajiri Anselm Strauss, mtaalamu wa elimu ya jamii. Huko akashirikiana na Barney Glaser na Jeanne Quint, muuguzi aliyekwisha kuwasikiliza wanawake waliokatwa matiti kwa saratani, nao wakaenda kukaa katika wodi za hospitali za eneo lile, wakitazama jinsi watu wanavyokufa na jinsi wanavyohudumiwa. Zama zile kumficha mgonjwa habari ya saratani yake ilikuwa ada. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 1961 ulionyesha kuwa matabibu wa hospitali moja ya Chicago, takriban 90 katika kila 100, walipendelea kutomwambia.

Katika kitabu chao cha 1965, Awareness of Dying, Glaser na Strauss walieleza mzigo ambao siri hiyo ilimtwika muuguzi. Tabibu hupita akaenda zake. Muuguzi ndiye abakiaye, naye huyafunga mazungumzo ndani ya mambo ya leo, chakula na usingizi na mto, asije akaulizwa habari za mwezi ujao. Huuchunga uso wake, na hupunguza muda wa kukaa chumbani. Mgonjwa naye huzisoma dalili hizo, akashuku, na mara nyingi pande zote mbili huishia kujua na kujifanya hazijui. Wakagundua tena, katika makala ya 1964, kwamba wauguzi bila kukusudia humpima mtu kwa hasara itakayoipata jamii akifa, kwa umri wake na kazi yake na watoto wake, na kipimo hicho hugeuza kiasi cha huduma anayopewa.

Quint, katika kitabu chake cha 1967, aliitafuta asili ya jambo hili katika mafunzo: wanafunzi walizoezwa kuokoa maisha na kusifiwa kwa ustadi wa mikono, na kuzungumza na anayekufa hawakufundishwa ipasavyo. Nyoyo zao hazikuwa ngumu. Desturi ndiyo iliyowafunga.

Baadaye Strauss aligeukia maradhi yasiyokwisha, na muuguzi Shizuko Fagerhaugh akawachunguza wenye maradhi ya mapafu yanayokata pumzi. Aliona kwamba mtu wa namna hii hupanga njia yake kabla ya kutoka nyumbani, akijua ni ukuta upi na nguzo ipi ataegemea avute pumzi. Ilimu hiyo haikuandikwa katika jalada lolote la hospitali. Mwenyewe mgonjwa ndiye mwalimu wake.

Uingereza nako Paul Hunt, aliyeishi katika makao ya walemavu ya Le Court, alikusanya mwaka 1966 insha za watu wenye ulemavu wakijieleza wenyewe. Na chama alichokiasisi pamoja na wenzake kikatangaza mwaka 1976 kwamba jamii ndiyo inayomlemaza mwenye upungufu wa viungo, kwa kumtenga na kumfungia milango.

Basi haitoshi muuguzi kukariri haki na faradhi za Parsons. Mwanafunzi aende wodini akijua kwamba kimya chake, haraka yake na hata mahali anaposimama vina athari kwa mgonjwa kama dawa ilivyo na athari. Na kwa kuwa desturi hizi zimewekwa na watu, watu waweza kuziondoa, nalo ni jukumu la walimu wa uuguzi kuanza.