Kisiki cha Mnyaa

Barazani kwetu Mkuza, kwenye kopo la rangi, nina mti usiofika goti. Wajapani huuita bonsai: mti mzima unaodumazwa kwa kupogolewa matawi na mizizi. Wenzangu hucheka, "Mnyaa nao pambo?" Haya, chekeni, lakini kisiki hicho kimenizidi umri.

Nilikichimba kwenye mahame ya bibi. Ua wa minyaa ndio uliokuwa mpaka wake. Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kuishi vijijini sasa ni amri, na kufikia mwisho wa 1976 watu wote wawe wamehamia. Bibi akahama na sufuria zake. Nyumba ya udongo ikaanguka, minyaa ikabaki imesimama mstari.

Mimi nilidhani ua ule ni ushahidi wa kudai shamba. Kumbe Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 ilishahalalisha ugawaji uliofanyika vijijini kati ya 1970 na 1977, ikafuta haki za waliotangulia. Anayelima pale leo hana kosa. Tena ndiye aliyeniruhusu nichimbe, maana alikuwa anang'oa.

Nilikata huku nikikinga macho, utomvu wake unaweza kupofusha. Nikaacha majeraha yakauke kivulini wiki nzima, ndipo nikapanda kwenye mchanga. Mwezi wa pili kikachipua.

Mahakamani hakifai kitu. Ila bibi alipokigusa tu, akaanza kunitajia majirani zake wa zamani, nyumba kwa nyumba, akifuata mstari wa ua. Nikakimbilia kalamu.