Mgeni wa Bumbuli na mgeni aliyemwandika

Kabla Mbegha hajawa mfalme alishindwa kesi ya mirathi. Kwao Ng'uu alizaliwa kigego, yaani meno yake ya juu yalitangulia kuota, na mtoto wa namna hiyo hakutakiwa aishi. Wazazi wakamficha. Walipofariki akadai fungu lake, na ndugu wakamjibu kwamba kigego harithi kitu. Akachukua mikuki na mbwa wake akaondoka, na baada ya kupita huku na kule akafika Bumbuli.

Hayo ni masimulizi, na wanahistoria wanakisia yanahusu karne ya 18. Mimi kinachonivutia ni jinsi mtu asiye na ukoo wala shamba alivyokubalika. Wasambaa walikuwa wakulima, na nguruwe mwitu walikuwa wanawamaliza. Mbegha aliwaua nguruwe, akagawa nyama bila uchoyo, naye akaletewa chakula cha shambani. Basi watu wakaanza kumpelekea na magomvi yao. Ukifikiri vizuri inaeleweka: mgeni hana shangazi wala binamu wa kumpendelea barazani! Bumbuli wakampa mke.

Sifa zikafika Vugha, nao wakaja kumchukua. Njiani, usiku, akaua simba, na "Simba Mwene" ikawa salamu ya mfalme wa Wasambaa. Wengi hupenda kusimulia hapo kwenye simba. Mimi naona jambo kubwa lilikuwa ndoa. Vugha nao wakampa mke, akazaliwa Buge, na Buge ndiye aliyerithi kiti. Kwa hiyo Vugha walitawaliwa na mpwa wao wenyewe, na ugeni ukaisha kwa kizazi kimoja tu.

Bumbuli haikusahauliwa. Katika karne ya 19 ndiko alikokaa mrithi wa ufalme akingoja zamu yake. Shekulwavu alitokea huko mwaka 1862, babu yake Kimweri ye Nyumbai alipofariki. Lakini Semboja wa Mazinde, mwana wa Kimweri, alikuwa chini bondeni kwenye njia ya misafara, na misafara ilileta bunduki. Akampindua mtoto wa kaka yake, Vugha ikachomwa, na vita vikaendelea miaka mingi, watu wakikamatwa na kuuzwa utumwani.

Sasa, nani ametuandikia haya? Mgeni mwingine. Abdallah bin Hemedi alipelekwa Usambara wakati wa Sayyid Majid wa Zanzibar, kisha akawa karani wa huyohuyo Semboja. Kitabu chake, Habari za Wakilindi, kilichapwa na wamisionari wa Magila kwa sehemu, kuanzia 1895. Ni Kiswahili kitamu kwelikweli, lakini kisome ukikumbuka nani alikuwa akimlisha mwandishi. Hadithi ya mtu wa nje anayepatanisha watu na kupewa nchi iliwafaa sana Wakilindi, maana inasema hawakunyang'anya, waliombwa. Steven Feierman, aliyekusanya masimulizi ya wazee na kuyachapisha mwaka 1974, aliipima hadithi hiyo kama hoja ya utawala, siyo kumbukumbu tu.

Abdallah mwenyewe Wajerumani walimfanya Liwali wa Tanga. Mtu wa kuja, akikaa barazani kuamua kesi za wenyeji, hadi alipostaafu. Alifariki mwaka 1912.