Mama Luka (1925–2016)

Jina alilopewa na wazazi wake daktari huyu Mwingereza ni Helen Roseveare. Watu wa Ibambi na Nebobongo, nchini Kongo, walimwita Mama Luka, kwa kumfananisha na Luka, tabibu wa Injili. Alifika mwaka 1953, wakati sehemu hizo zilipokuwa katika mkoa uliotawaliwa kutoka Stanleyville, Kisangani yetu ya leo.

Nebobongo alijenga hospitali pamoja na wenyeji, kwa matofali waliyochoma wenyewe. Alishinda kwenye tanuru, kisha akaitwa kupasua mgonjwa huku vidole vimechubuka, dawa ya kunawia ikimchoma. Wafanyakazi walimwambia: ukiwa daktari tunakuogopa, lakini hapa kwenye tanuru u mwenzetu.

Alipenda kusimulia usiku ambao mama mmoja alifariki akijifungua, akaacha njiti na binti wa miaka 2. Chupa ya mpira ya maji moto ya kumtia mtoto joto, iliyokuwa ya mwisho, ilipasuka. Kesho yake yatima wa miaka 10 alimwomba Mungu chupa nyingine ifike siku hiyo hiyo, na mwanasesere kwa yule dada mtu. Alasiri kifurushi kikafika, kimetumwa miezi 5 nyuma. Vyote viwili vilikuwamo.

Mwaka 1964 waasi wa Simba walimshika, wakampiga na kumdhalilisha. Hata hivyo alirudi mwaka 1966, na kurudi huko ndiko kunakotugusa zaidi. Alifundisha wauguzi Nyankunde hadi 1973.