Kaniki na Mwaka 1897

Kitambaa kilichotiwa nili hutoka chunguni kikiwa na rangi ya kijani-manjano. Kikipigwa na hewa, ndipo hugeuka buluu. Ukikichovya tena na tena, buluu hukoza hata ikakaribia weusi. Hiyo ndiyo iliyokuwa sura ya kaniki, vazi ambalo Unguja ya karne ya 19 ililitambua kuwa la mtumwa mwanamke. Chini ya rangi ile mara nyingi palikuwa na merikani, pamba isiyopaushwa iliyoletwa na wafanyabiashara wa Marekani.

Mwaka 1897 yalitokea mambo mawili. Mwezi wa Aprili Sultani Hamoud bin Mohammed alitoa amri ya kuondoa utumwa kisheria, ingawa masuria walingoja hadi 1909. Na huko Ujerumani, kampuni ya BASF ilianza kuuza nili ya viwandani.

Wanawake walioachwa huru waliivua kaniki, wakajifunga kanga za maua. Nili yenyewe, msomaji, haikuwa na kosa. Lakini nyuzi zilikuwa zimenywa pia cheo ambacho mvaaji hakukichagua, na doa hilo halikutoka kwa sabuni.