Faiba, uundaji wa vipande vya

Faiba ni kitambaa cha nyuzi za kioo kilicholoweshwa rezini, ambayo ikikauka huwa ganda jepesi lisilooza. Katika pwani ya Tanzania, faiba inajulikana zaidi kwa boti, ambazo huundwa ndani ya kalibu iliyopakwa nta.

Mtu anayejijengea ndege anaweza kuikwepa kalibu. Njia hiyo ilienezwa na VariEze, ndege ya Mmarekani Burt Rutan iliyopaa mara ya kwanza 1975: povu gumu hukatwa kwa waya wa moto kufuata umbo la bawa, kisha huvikwa faiba. Rezini huwa epoksi, kwani poliesta ya boti nyingi huyeyusha povu la polistaireni na bawa zima huharibika. Kwenye ganda, nyuzi hulazwa mshazari ili bawa lisijisokote. Rezini ya ziada hukamuliwa kwa kipande cha mpira mpaka ufumaji uonekane. Rezini hiyo inaongeza uzito tu. Doa jeupe ni hewa iliyonaswa, na litobolewe kabla rezini haijashika. Kwenye joto la pwani ni bora kuchanganya kidogo kidogo, kwa kuwa epoksi nyingi ndani ya kopo moja hujichemsha na kuganda upesi.