Kalamu Ndiyo Inaleta Kazi, Si Maiki

Kampeni zikifika Lumakanda, mheshimiwa husimama juu ya gari, hushika maiki na kuahidi kazi kwa vijana. Akishaenda, wasee hugawanyika. Kuna wanaosema rais ndiye ameua uchumi wote. Wengine wanasema wanasiasa hawawezi kitu, kila mtu apambane na hali yake. Angalia Pan Paper ya Webuye, hapo tu kwa jirani. Inaonyesha pande zote mbili zimekosea.

Kile kiwanda hakikuota chenyewe. Serikali ya Mzee Kenyatta iliingia ubia na Orient Paper ya India pamoja na IFC, shirika la Benki ya Dunia, na karatasi ikaanza kutoka mwaka wa 1974. Miti ilitoka kwa misitu ya serikali kama ile ya Turbo. Mashamba yalilipiwa karo na mji mzima ukakua. Kwa hivyo usiniambie siasa haileti kazi.

Sasa njoo 1992. Ulikuwa mwaka wa uchaguzi, pesa zikamwagwa, na Goldenberg ilikuwa inanyonya hazina. Kufikia mwisho wa 1993, dola ilikuwa imetoka kama shilingi 36 hadi 68 hivi. Hebu piga hesabu: kampuni yenye deni la dola ilijikuta inadaiwa karibu mara mbili, na haijakopa hata senti moja zaidi. Mwaka huohuo, kwa shinikizo la wafadhili, serikali ikaondoa leseni za kuagiza bidhaa. Karatasi za nje zikapata njia rahisi ya kuingia. Hayo yote yaliamuliwa Nairobi na Washington, hakuna aliyemuuliza mfanyakazi wa Webuye.

1999 ikaja marufuku ya kukata miti kwa misitu ya serikali. Pan Paper na kampuni nyingine chache kubwa zikaruhusiwa kuendelea. Wapasuaji mbao wadogo wakafungiwa nje. Kalamu ni ile ile moja: huyu anakula, yule analala njaa.

Lakini hata kupendelewa kuna mwisho. Januari 2009 mashine zilizimwa, madeni yakiwa yamejaa hadi ya stima. Ahadi za kufufua kiwanda hazikukosa, ila stima hailipwi kwa hotuba. Mwaka wa 2016 kikauzwa kwa kundi la Rai kwa shilingi milioni 900.

Point yangu ni hii: kiongozi ana nguvu juu ya kazi yako, tena kubwa, lakini haiko kwa maiki. Iko kwa ushuru, leseni, bei ya stima, thamani ya shilingi, na nani anapewa msitu. Na inachelewa. Uamuzi wa 1993 unaweza kuuma 2009, wakati aliyesaini yuko zake kwa kustaafu na anayetukanwa ni mwingine kabisa.

So mheshimiwa akirudi na ahadi ya kiwanda cha mahindi Lugari, usipige makofi kwanza. Muulize: ile siku ushuru wa mahindi ya nje uliamuliwa, wewe ulisimama upande gani? Akianza kuimba badala ya kujibu, wewe umeshapata jibu.